SUBIRI KIDOGO, MWANANGU!

Mtoto wa miaka minne anafundishwaje kujizuia? Nilikaa wiki moja Pujini, Pemba, nikirudi na majibu ambayo sikuyategemea: mengine yako kwenye sinia, mengine kwenye choo, na moja liko kwenye simu ya baba.

Hebu nikuulize, mama mwenzangu. Mwanao wa miaka minne ukimwekea biskuti moja mbele yake, ukamwambia, "Usiile kwanza, naenda jikoni. Nikirudi nikaikuta, nakuongeza ya pili," ataweza? Najua wengi mmeshacheka. Wengine mnasema biskuti yenyewe haifiki mezani.

Mchezo huu si wangu. Ni jaribio la mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliyeanza kuwafanyia watoto wa chekechea mwishoni mwa miaka ya 1960. Baadaye watoto wale wakafuatiliwa hadi ukubwani, na ikaonekana kuwa waliosubiri muda mrefu walikuja kufanya vizuri zaidi masomoni. Dunia nzima ikashika hapo! Wazazi wa Marekani wakaanza kuwapima watoto wao kwa pipi kama vile wanapima homa. Mwaka 2018 watafiti wengine walirudia kazi hiyo kwa kundi kubwa zaidi la watoto kutoka familia za kila aina, wakakuta kuwa uhusiano upo lakini ni mdogo, na ukishaangalia hali ya nyumbani kwa mtoto unazidi kupungua. Kwa hiyo usije ukamhukumu mwanao kwa biskuti moja.

Hata hivyo uwezo wenyewe wa kujizuia una maana kubwa. Kule New Zealand, katika mji wa Dunedin, watoto wapatao 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa maisha yao yote. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kuwa wale waliokuwa wakijimudu vizuri utotoni, walipofika miaka 32 walikuwa na afya bora zaidi na hali nzuri zaidi ya fedha, na wachache wao walikuwa wameingia kwenye mikono ya sheria.

Kilichonifanya nifunge begi ni utafiti mwingine, wa Cameroon. Mwanasaikolojia Bettina Lamm wa Ujerumani na wenzake waliwapa watoto wa miaka minne mtihani ule ule: watoto wa Kijerumani wa mjini kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili watoto wa kabila la Wanso, familia za wakulima wa Cameroon, ambao wao waliwekewa andazi la kwao. Watoto wa Kijerumani waliosubiri hawakufika watatu katika kila kumi. Wanso? Karibu saba katika kumi! Tena walikaa kwa utulivu, wengine wakasinzia pale pale kwenye kiti. Watoto wa wakulima wa Kiafrika, wasio na midoli ya bei mbaya wala mwalimu wa saikolojia.

Nikajisemea, basi hata kwetu kuna watu wanaojua siri hii. Shoga yangu niliyesoma naye Mlimani kwao ni Pujini. Nikambana, akanipeleka.

KULA UPANDE WAKO

Pujini iko mashariki ya kisiwa cha Pemba, mwendo wa kilomita zipatazo kumi kutoka Chake Chake. Wageni wachache wanaofika huko huja kuangalia magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zama za kale ambaye wenyeji husimulia kuwa alikuwa mkali kupita kiasi. Kuna na kisima ambacho inasemekana alikijengea ukuta ili wake zake wawili wachote maji bila kukutana. (Hayo ya wake wenza tuyaache, yana ukurasa wake.) Mimi sikwenda kwa ajili ya magofu. Nilikwenda kuangalia watoto wakila.

Msikilize vizuri mtu akikwambia "vijana" Pemba, maana anasema watoto wadogo. Jioni ya kwanza nyumbani kwa kina shoga waliketi vijana sita kwenye jamvi, mkubwa miaka tisa, mdogo mitatu na nusu. Maji ya kunawa yalipita kwa zamu kutoka kwenye kata. Mdogo kabisa alinawa wa mwisho, na hakuna aliyegusa chakula hadi naye amalize. Ikasomwa bismillahi. Wali ukawa katikati ya sinia na samaki wa mchuzi juu yake, na samaki hao hakuna aliyewagusa! Kila mmoja alikula upande wake, kwa mkono wa kulia, na bibi mwenye nyumba ndiye aliyekuwa akikata kipande cha samaki na kumsogezea huyu, kisha yule.

Yule mdogo alinyoosha mkono mara moja kuelekea katikati. Bibi hakupiga kelele. Alisema tu, "Ee baba, upande wako," mkono ukarudi. Baada ya dakika mbili ukaenda tena. "Upande wako, babu." Ukarudi. Mara ya tatu mkono ulifika nusu ya njia, mtoto akamtazama bibi, akaurudisha mwenyewe kabla hajaambiwa. Nilitaka kupiga makofi.

Hebu fikiria, sinia hilo linawekwa kila siku, miaka nenda rudi. Mtoto anafanyishwa mazoezi ya kusubiri, kuangalia mwenzake amepata nini, na kuuzuia mkono wake wakati pua inasikia harufu ya samaki. Sisi wa mjini tunamwekea kila mtoto sahani yake, mmoja anakula saa 12, mwingine saa 2 mbele ya televisheni, halafu tunashangaa kwa nini hawawezi kugawana hata juisi.

Mambo ni hayo hayo msimu wa karafuu. Zinapoanikwa uani kwenye majamvi, kijana wa miaka mitano anaweza kuambiwa akae hapo azilinde dhidi ya kuku, na yeye mwenyewe asizikanyage. Ni kazi kweli, si mchezo wa kuigiza, na mtoto anajua kwamba wakubwa wanamtegemea. Usiku vitendawili: ukitegwa unasubiri zamu yako, na ukiropoka kabla ya mwenzio kumaliza, unachekwa. Mchana kombolela, ambapo mtoto inabidi ajifiche kimya huku kicheko kinamkaba koo. Wataalamu leo wanatumia michezo ya namna hii kupima watoto wa chekechea, ile ya "nikisema shika kichwa, wewe shika miguu". Ukuti na kombolela vilikuwepo siku nyingi.

KWANZA MUANGALIE TUMBO

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi kijijini ni peponi. Jirani wa pale alikuwa na kijana wa miaka minne ambaye kila mtu alimwita "mkorofi". Analia ovyo, hataki kula, akikaa kidogo analala, akiamka ni ugomvi. Bibi zake wawili walikuwa na maoni tofauti: mmoja anasema kadekezwa, mwingine anasema hajaonja bakora. Mama yake, binti wa miaka ishirini na kidogo, alikuwa ameinamisha kichwa tu.

Mimi niliangalia miguu yake. Pekupeku. Pemba ina historia ndefu ya minyoo: katika miaka ya 1990 karibu kila mtoto wa skuli aliyepimwa kisiwani humo alikutwa nayo. Minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya miguu, kutoka kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi, kisha hujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu. Dawa zinazogawiwa mashuleni miaka yote hii zimepunguza sana mzigo, lakini udongo haujasahau.

Tena kisiwa hiki kimechangia elimu ambayo mama wa Dar, Mombasa au Kampala anaitumia bila kujua. Mwaka 2001 lilichapishwa jarida la utafiti uliofanyika Kengeja, kusini mwa Pemba, kwa watoto 614 wenye umri wa kuanzia miezi 6 hadi chini ya miaka mitano. Kwa mwaka mzima wengine walipewa madini ya chuma kila siku, wengine dawa ya minyoo kila miezi mitatu, wengine vyote, na wengine dawa bandia. Waliopata chuma waliendelea vizuri zaidi katika kuongea, na wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu waliimarika pia katika kutembea na kucheza. Taarifa iliyofuata mwaka 2004 ilionyesha kuwa chuma na dawa ya minyoo, kila kimoja kiliwarudishia watoto hamu ya kula.

Umeona hapo? Mtoto asiyetaka kula, anayenuna na kulia, huenda ana deni la damu. Ukimchapa unamchapa mgonjwa.

Lakini ngoja, usikimbilie duka la dawa kununua sirapu ya kuongeza damu! Pemba hiyo hiyo ilitufundisha na upande wa pili. Katika utafiti mwingine mkubwa, wa watoto zaidi ya 24,000 wenye umri wa chini ya miaka mitatu, kundi lililokuwa likipewa chuma pamoja na foliki asidi lilisimamishwa mwezi Agosti 2003, kwa sababu watoto hao walikuwa wakiugua vibaya na kufariki zaidi ya wenzao. Wakati ule malaria ilikuwa kali Zanzibar. Matokeo yalipotoka mwaka 2006 yalibadilisha ushauri wa dunia nzima: katika maeneo ya malaria, mtoto hapewi chuma kiholela, bali pamoja na kinga na tiba ya malaria, chini ya uangalizi. Kwa hiyo mpeleke akapimwe damu na choo kwanza. Na nyumbani mpe dagaa, maharage, mchicha, na embe au chungwa juu yake, maana vitamini C husaidia mwili kukichukua chuma cha mboga. Chai mwekee mbali na mlo, kwa sababu inazuia.

Yule mama alimpeleka mwanawe kituo cha afya siku ya tatu yake. Alikuwa na minyoo, na damu ilikuwa chini. Bibi wa bakora alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mnunulieni na makubadhi." Alinunuliwa.

Ndala, choo kinachotumika na watu wote, kunawa kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula: hizi ndizo tabia za afya za kuanza nazo, na hazifundishwi kwa hotuba. Mtoto wa miaka mitatu anashika jambo likifanyika mahali pale pale na wakati ule ule. Kata ya maji na kipande cha sabuni vikiwa karibu na mlango wa choo, kimo chake yeye, mkono utakwenda wenyewe. Vikiwa juu ya kabati, sahau. Mswaki vile vile: asubuhi na kabla ya kulala, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, na kama choroko kubwa kwa aliyezidi hapo, na wewe mwenyewe umalizie kumsugua, maana mtoto huyo bado hawezi kufika magego ya nyuma hata akikuapia.

MAMBO YA BAKORA

Hapa niligombana kidogo na wenyeji wangu, kwa heshima zote. Bibi aliniambia, "Mwanangu, sisi sote tumepigwa, na tumekuwa watu." Nikamjibu, "Ni kweli bibi. Lakini jana kwenye sinia hukumpiga mtu, na mkono ulirudi." Akacheka, akaniita mjanja wa mjini.

Nilikuwa nimeliangalia jambo hilo kwa siku kadhaa. Mtoto aliyepigwa kwa kuchukua embe, kesho yake alichungulia kwanza kama kuna mtu mzima karibu, akachukua tena. Amejifunza kuchungulia. Yule wa kwenye sinia alijirudisha mwenyewe. Tofauti hiyo ndiyo makala yangu yote.

Afrika Mashariki tuna mfano mzuri wa kufundisha kujimudu bila fimbo. Miaka ya 1980, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, zilianzishwa Mombasa chekechea za madrasa, ambapo mtoto anapata Kurani na pia anajiandaa kwa shule, na mwaka 1990 mpango ukaingia Zanzibar, kisha Uganda. Walimu ni kina mama wa hapo hapo mtaani, na vifaa ni vifuu vya nazi, mbegu, maboksi na vitambaa. Sehemu ya utaratibu wao ilitoka Marekani: mtoto anasema kwanza leo atacheza nini, anakwenda kukifanya, halafu anarudi kuwaeleza wenzake kilivyokwenda. Inaonekana kama mchezo mtupu, lakini mtoto anayesema "nitajenga nyumba" kisha akajenga, ameshinda vishawishi ishirini vya njiani. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulikuta watoto wa madrasa hizo wamepiga hatua kubwa zaidi kiakili kuliko wenzao wa chekechea nyingine, na wote hao waliwazidi waliobaki nyumbani.

Nyumbani unaweza kuanza leo. Asubuhi muulize mwanao, "Ukishakunywa uji utafanya nini?" Jioni muulize ilikuwaje. Usimsahihishe.

Na simu? Usidhani Pujini hakuna simu. Zipo, na watoto wanajua kufungua video kuliko bibi zao. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri kuwa mtoto wa miaka mitatu na minne asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, awe kwenye mwendo na michezo ya mwili ya namna mbalimbali angalau saa tatu, na alale saa 10 hadi 13 ukijumlisha na usingizi wa mchana. Mtoto aliyekosa usingizi hajizuii, na wewe mwenyewe ukikosa usingizi unajijua. Watoto wetu wa dotikomu wanaolala saa 5 usiku halafu wanaamshwa saa 11 kuwahi gari la shule, tunawadai utulivu kwa haki gani?

BAISKELI YA BABA

Nimeliacha hili la mwisho kwa sababu ndilo lililonikaa rohoni.

Shoga yangu ana mdogo wake, mama wa mtoto mmoja wa miaka mitano. Mume yuko Muscat, anafanya kazi, si mtu mbaya hata kidogo: anatuma fedha na anapiga simu kila Ijumaa. Na kila Ijumaa anamwambia mwanawe, "Baba atakuletea baiskeli." Mwanzoni mtoto alikuwa akikimbia kijiji kizima kutangaza. Ikapita Idi. Ikapita Idi ya pili. Nilipofika mimi, simu ikilia mtoto anakwenda uani. Na kwenye sinia huyu ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote, anakula chake na kunyakua cha binamu yake. Ukimwambia "subiri utapewa", anakutazama kama mtu anayekusikiliza ukisema kwa lugha asiyoijua.

Nikakumbuka utafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, uliochapishwa mwaka 2013. Watoto 28 wa chekechea walifanyiwa jaribio lile la Mischel, lakini kabla yake nusu yao waliahidiwa vifaa vizuri vya kuchorea na vikaletwa, na nusu wakaahidiwa, kisha mtu mzima akarudi mikono mitupu na kuomba radhi. Kundi la kwanza lilisubiri wastani wa dakika 12. La pili, dakika tatu.

Mischel mwenyewe aliliona hili mapema. Kazi yake ya kwanza ya aina hii aliifanya kisiwani Trinidad katika miaka ya 1950, na huko watoto ambao baba hayupo nyumbani walikuwa wepesi zaidi kuchukua pipi ndogo ya leo kuliko kungoja kubwa ya wiki ijayo. Sasa, nani atasubiri cha kesho kama kesho haijawahi kufika? Mtoto wa namna hiyo ana akili timamu. Amepiga hesabu.

Nilimweleza yule mama, naye akawa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Dada, mimi nitamwambiaje mume wangu? Ile baiskeli ndiyo njia yake ya kusema anampenda." Nikaona ugumu wake. Mke kumwambia mume aliye mbali apunguze ahadi inaweza kusikika kama anamwambia hatoshi. Tukakaa barazani tukitafuta maneno. Mwisho tulikubaliana asiseme "acha kumdanganya mtoto", bali aseme, "Baba fulani, mtoto anakuamini sana, tumpe kitu ambacho Ijumaa ijayo kitakuwa mkononi mwake." Kitu kidogo. Hadithi kwa simu, saa ile ile, kila Ijumaa baada ya Magharibi. Au mpira, anunuliwe Chake Chake kwa fedha za baba, kwa jina la baba, siku iliyotajwa.

Ijumaa ilipofika nilikuwa bado nipo. Yeye aliongea na mumewe chumbani, mlango umerudishwa, na sikusikia yaliyosemwa. Alipotoka macho yalikuwa mekundu kidogo, akampa mtoto simu. Mtoto alisikiliza bila kusema kitu. Halafu akauliza, "Jumanne gani? Hii?"

Baba yake akajibu. Mtoto akamgeukia mama yake: "Kasema baiskeli bado hana hela. Mpira Jumanne hii." Akarudisha simu, akaenda kucheza.

Jumanne asubuhi mimi nilikuwa naelekea bandarini Mkoani. Gari lilipopita Chake Chake, shoga yangu alimwambia dereva asimame kidogo. Mdogo wake alikuwa dukani, anachagua mpira.